Pikapu Isiyo na Uso

Baba alisema hataingia kanisani na gari lisilo na uso. Alilisema hilo mezani, huku akichomoa mwiba wa samaki katikati ya meno, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mama aliinuka, akachukua jagi la maji lililokuwa bado limejaa, akaenda nalo jikoni kulijaza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nimezoea kueleza jambo moja mara nne bila kupandisha sauti. Mwaka huu nilipandisha. Nieleze basi polepole, ili nami nielewe ilikuwaje.

Wazazi wangu wameoana kwa mila kwa zaidi ya miaka hamsini. Ng'ombe walitolewa wote na hakuna shemeji anayenung'unika. Lakini kanisani ng'ombe hawahesabiwi. Mkatoliki anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa hapokei komunyo, ule mkate ambao kwetu ni Yesu mwenyewe, na Mama ni Mkatoliki tangu utoto. Alipokea mpaka wiki aliyoolewa, halafu basi. Tangu siku hiyo amefagia kanisa, ameimba kwaya, amewafundisha watoto wa kijiji kizima katekisimu, sisi wake sita tukiwemo. Sote tumepokea. Yeye hajapokea. Kila mwaka alimwomba Baba waende wakabariki ndoa, na kila mwaka Baba alikuwa na sababu nzuri: paa linavuja, kuna msiba kwa ukoo, mvua imechelewa, mvua imezidi.

Mwaka huu alikuja padri mpya, kijana, akatangaza ndoa za pamoja. Wazee wote wanaoishi bila baraka waje Jumamosi ya mwisho ya Agosti, bila keki na bila msafara. Walete cheti cha ubatizo, walete mashahidi wawili, wafike Ijumaa kwa kitubio, kuungama dhambi zao kwa padri. Sababu zote za Baba zilikwisha papo hapo. Alikaa wiki nzima akizitafuta nyingine, ndipo akaikumbuka pikapu.

Ni pikapu ya Kijapani aliyoinunua akiwa kijana, alipokuwa akisafirisha pamba mpaka Homa Bay. Ndiyo iliyomleta Mama nyumbani, Mama kaketi mbele, shangazi zake nyuma na mizigo. Kwamba ndiyo itakayompeleka kanisani, hilo halikuwa na ubishi, na injini yake inaitika vizuri kuliko magari mengi ya vijana. Shida ilikuwa sura. Tulipoipaka rangi upya, fundi aling'oa kila kinachong'aa: nembo ya duara iliyokaa katikati ya grili, na mikanda miwili mirefu ya milangoni. Fundi mwema, alivitia vyote kwenye kiroba cha unga, akakileta nyumbani. Baba alikiweka stoo akisema atavirudisha mwenyewe polepole. Polepole hiyo ilichukua miaka miwili. Alipoenda kukichukua, kiroba hakikuwapo.

"Fundi amenila," alisema Baba.

Fundi hakumla mtu. Mama aliniambia ukweli nyuma ya jiko, akiwa ameninyakua mkono kama mwizi. Padri alipotangaza ndoa, yeye alianza siku iyo hiyo kusafisha boma kwa ajili ya wageni. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, wale wanaobeba mabeseni ya plastiki kwenye pikipiki ili wabadilishane na akina mama. Mama alimpa jembe bovu, sufuria iliyotoboka, na kiroba kimoja kilichojaa ambacho hakukifungua. Akapewa mabeseni matatu ya buluu.

"Nilifikiri ni vipande vya baiskeli," alisema. "Wageni wangepakuliwa kwenye nini? Kwenye viganja vyao?"

"Mama, tumwambie tu."

"Usithubutu. Akijua ni mimi, atasema Mungu mwenyewe ameizuia hii ndoa."

Alikuwa sahihi. Angesema hivyo hivyo. Basi nikapewa kazi ya kutafuta vitu nisivyoruhusiwa kusema vimepotea vipi, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Kama nawe una gari la umri huo na umewahi kuingia dukani kuulizia mapambo yake, utanielewa. Kama hujawahi, usikate tamaa kabla ya kuanza, ila jua mambo mawili. La kwanza, mkanda wa mlangoni haushikwi na gundi. Mgongoni mwake una mfereji, na ndani ya mfereji huo hukaa klipu ndogo za chuma zinazobanwa kwenye matundu ya mlango. Mkanda bila klipu ni fimbo ya kung'aa tu. La pili, nembo ya grili ina miguu nyuma, na nafasi kati ya miguu hubadilika kila kampuni inapobadilisha grili. Inaweza kufanana na yako kama pacha na bado isiingie.

Nilikuwa tayari kumweleza yeyote hayo. Mjini Migori niliwaeleza wengi.

Duka la kwanza, kijana aliyekuwa amekaa juu ya tairi hakungoja nimalize.

"Iko, madam. Keti."

Niliketi. Nimeishi huku maisha yangu yote, najua maana ya "iko". Maana yake ni kwamba haiko, lakini ipo mahali fulani duniani na atakimbia kuifuata. Alikimbia. Alirudi baada ya nusu saa na nembo ya plastiki ya kubandika, ya gari jipya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Hii ni ya gari la juzi," nikasema. "Yangu ni ya zamani. Ya chuma. Ina miguu."

"Ni kampuni moja, madam. Hii ni kama mtoto wa ile."

"Sitaki mtoto. Namtaka babu."

"Babu alikufa." Alitoka nje akaitazama pikapu, akaingiza kidole kwenye lile tundu la grili. "Haki ya nani, imeng'olewa jino. Si uiache tu? Gari inatembea, haicheki na mtu."

"Inahitajika kwa harusi."

Hapo mafundi watatu wa jirani walisogea. Mmoja akaniangalia kuanzia kichwani, na mimi nywele zangu zina mvi.

"Madam unaolewa na hii?"

"Si mimi. Mama yangu."

Walicheka mpaka yule wa tairi akashuka kwenye tairi. Nikangoja wamalize, kama ninavyongoja darasa, nikaanza upya habari ya miguu na mfereji. Walisikiliza vizuri kabisa. Mwisho mmoja akasema, "Kwa hivyo ukipata hii ya kubandika, utachukua?"

Nilizunguka maduka manane. La mwisho lilikuwa la mzee wa Kiislamu kutoka pwani, ambaye ameuza spea Migori tangu barabara ile ilipokuwa ya vumbi. Nilimkuta anarudi kutoka msikitini. Alisema Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba nilianza kuchagua maneno yangu. Hakusema "iko". Alivaa miwani, akatoka kuitazama pikapu, akapapasa matundu ya mlango kwa kidole gumba, akaingia stoo na kukaa huko muda mrefu. Alitoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa klipu.

"Hizi ni zake," alisema. "Zimebaki kwa sababu hakuna aliyezitaka. Mikanda sina, mwanangu. Nembo sina, na wala usihangaike na maduka. Kitu kama hiki hakiuzwi tena. Katafute kwa waliokitupa."

Nilimshukuru, nikaondoka na klipu zangu kama mtu aliyenunua vifungo vya shati bila shati.

Homa Bay kulikuwa na gereji moja ambayo mwenyewe alinihakikishia kwenye simu kwamba ana pikapu kama yangu, imelala, nzima, na nembo yake. "Kuja tu, mwalimu." Nilienda. Pikapu ilikuwapo kweli, chini ya mti wa mkuyu, kuku wameingia kwenye injini. Milango ilikuwa na mikanda yote miwili. Nilifurahi hata nikampa mkono mara mbili. Halafu nikazunguka mbele. Mbele hakukuwa na grili.

"Na grili iko wapi?"

"Grili?" Akageuka akaita mkewe. Mkewe akatokea nyuma ya kibanda, mikono ina chumvi. Nyuma yake palikuwa na moshi, na juu ya makaa, juu ya mawe matatu, grili ya pikapu ilikuwa imelala na samaki wanne, ngege, juu yake.

"Hii inachoma poa sana," alisema yule bwana kwa fahari. "Samaki haishiki."

"Na nembo iliyokuwa katikati?"

"Iliyeyuka kidogo. Tukatoa, ilikuwa inaharibu ladha."

Nilisimama pale, mwalimu wa fizikia, nikajisikia nikimweleza mtu mzima kwamba kinachong'aa juu ya chuma cha gari ni madini yaliyopakwa, kwamba yakipata moto hubanduka, na kwamba si vyema kuyala. Alisikiliza kwa heshima. Mkewe aliniwekea ngege mmoja kwenye sahani. Nilimkataa kwa upole, nikaanza kuchomoa mikanda. Hapa niseme kwa atakayefanya kazi hiyo: usivute mkanda kutoka ncha moja, utaupinda na haunyooki tena. Tia kisu butu chini ya kila klipu, sukuma kidogo, songa mbele. Ilinichukua mchana mzima na kucha mbili.

Jioni niliibana mikanda mlangoni mbele ya Baba. Iliingia kama iliyozaliwa hapo. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama, na Mama akapiga makofi.

Baba aliinama, akachungulia tundu la grili.

"Na uso?"

Zilikuwa zimebaki siku saba. Mama alikuwa ameshashonewa gauni. Kesho yake, Jumapili, nilimwona akimwuliza katekista kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kupokea anahitaji kufundishwa tena jinsi ya kushika mikono. Niliondoka kabla sijasikia jibu, nikaenda kumtafuta mtu wa mabeseni.

Hakuwa mgumu kupatikana. Siku ya soko hukaa Rongo na mizani yake, amezungukwa na plastiki ya kila rangi. Nilimweleza kiroba. Alikumbuka mara moja, na alimkumbuka Mama pia.

"Yule mama alinipunja, mwalimu. Mle ndani kulikuwa na vitu vyepesi tupu. Ile mikanda niliuza kwa uzito, ikaenda. Lakini ile duara ya kung'aa sikuweka kwa mizani. Ile niliuza peke yake. Kuna mtu wa Sori alikuwa anamaliza boti mpya, alitaka kitu ya uso."

Sori ni mbali na kwetu, pande za Nyatike, mwisho wa barabara ambapo huwezi kwenda mbele ila uingie ziwani. Niliendesha pikapu mpaka huko siku iliyofuata. Boti sikuhitaji kuiulizia. Ilikuwa imevutwa mchangani kati ya nyingine, mpya, kijani na nyekundu, na kwenye ncha yake ya mbele, imekazwa kwa skrubu nne za shaba, palikuwa na nembo ya baba yangu. Iling'aa kuliko ilivyowahi kung'aa kwenye gari.

Mwenye boti alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, anakunja nyavu. Nilimsalimu, nikajitambulisha, nikaeleza kila kitu tangu mwanzo: pamba, rangi, kiroba, ndoa, Mama. Nilisema nitampa nembo nyingine yoyote anayoitaka, au nimlipe. Alitikisa kichwa mapema na akaendelea kukitikisa.

"Mwalimu, pole sana. Lakini hii si gari. Huyu ni mke." Alipiga boti kofi mbavuni. "Mbao zake nilizitolea kama mtu anavyotoa mahari. Siku tulimteremsha majini watu walikula na kuombea. Alishuka na hiyo kitu usoni. Sasa mwanamke mgeni aje na bisibisi aitoe? Wenzangu hawatapanda. Mimi mwenyewe sitapanda."

"Ni kipande cha gari tu."

"Ulisema ni ya baba yako."

"Ni ya baba yangu."

"Basi yeye aje. Mzee akija mwenyewe, akiongea na mimi na yeye," na akaipiga boti tena, "nitaitoa kwa mkono wangu. Lakini mwenye kitu aje. Asitume mtoto."

Mtoto. Nina miaka hamsini na moja. Nilirudi kwenye gari nikakaa humo na madirisha yamefungwa mpaka nikajiona niko tayari kuendesha.

Kumwambia Baba haikuwa kazi. Nilisema tu kwamba nimeiona nembo, iko Sori, na mwenye boti anataka kuzungumza na mzee, si na mimi. Nilidhani atafurahi. Alikuwa ameitaka, imepatikana. Alikohoa, akasema goti linamuuma. Kesho yake akasema goti limepona lakini kuna mbuzi wa kupelekwa sindano. Jumatano nilimfungulia mlango wa pikapu, nikasimama hapo nimeushika, mpaka akapanda.

Sori walimpokea vizuri. Mwenye boti alimletea kiti, akamwita Jaduong', mzee wa heshima, akamwambia hadithi ya boti yake tangu mti ukiwa umesimama. Baba naye akamwambia ya pikapu. Wakakubaliana kwamba mafundi wa siku hizi si mafundi. Wakaulizana koo. Wakagundua kwamba mama wa mmoja alitoka kijiji kimoja na bibi wa mwingine. Jua lilikuwa linatuchoma utosini. Hatimaye Baba aliinuka akaenda kwenye ncha ya boti, akaweka kiganja juu ya nembo, akakiacha hapo.

"Uliipata wapi?" akauliza.

"Kwa yule mtu wa vyuma, Jaduong'. Mwenye mabeseni."

Baba hakugeuka. Mabega yake tu yaliinuka kidogo. Mimi nilitazama ziwa.

Mwenye boti alichukua bisibisi na kisu. "Nimeahidi, mzee. Ukisema neno, naitoa sasa hivi. Nitampa kitu kingine, atanielewa."

Baba aliondoa kiganja.

"Mwache nayo," alisema. "Imempendeza."

"Baba!"

"Mtu amemteremsha majini nayo. Humvui mke wa mtu hereni."

Mwenye boti alimshika mikono yote miwili. Waliagana kama ndugu. Tulipewa samaki wawili wakubwa waliofungwa kwa kamba ya katani. Mimi sikumpa mtu mkono. Niliwasha gari, nikaendesha mpaka tulipoacha ziwa nyuma, nikasimama kando ya shamba la muhogo na kuzima injini.

Sikumbuki kama nimewahi kumpigia baba yangu kelele kabla ya siku hiyo. Nilimpigia. Nilimwambia nimezunguka maduka manane Migori, nimeona grili inachoma ngege, nimeitwa mtoto na mtu niliyemzidi miaka kumi. Nilimwambia kwamba Mama ameuliza jinsi ya kushika mikono. Nilimwambia kitu alichosema hataingia kanisani bila kuwa nacho kilikuwa chini ya kiganja chake, mtu kashika bisibisi, na amekiacha kwa hiari yake. "Kwa hiyo si nembo," nikasema. "Haijawahi kuwa nembo. Niambie ni nini, Baba, maana Jumamosi iko hapa."

Alishusha kioo, akatazama muhogo.

"Mabeseni yale matatu ya buluu," alisema. "Nilijiuliza yametoka wapi."

"Baba."

"Usimwambie mama yako kwamba najua."

Sasa nilikuwa nimebeba siri mbili za kiroba kimoja. Nikaweka paji la uso kwenye usukani.

"Nyara," akasema. Kwa lugha yetu maana yake ni binti yangu, na halitumii neno hilo mara nyingi. "Ijumaa kuna kile kitubio."

"Ndiyo. Dakika tano."

"Dakika tano za nani? Yule padri ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kuna jambo. La zamani, kabla hujazaliwa. Hilo ni langu. Nikiliweka masikioni mwa kijana yule, Jumapili atanitazama kutoka altareni akilijua. Halafu mama yako anampikia padri kila mwezi. Watu wakila pamoja, wanazungumza."

Niliinua kichwa.

"Baba, ulifikiri padri anaweza kumwambia Mama?"

"Si mama yako ndiye mwenyekiti wa akina mama?"

Hasira zilinitoka zote kwa mara moja, nikabaki na ile nyingine, niliyozaliwa nayo, ya kueleza. Nikamweleza. Padri haruhusiwi kusema alichosikia kwenye kitubio. Si kwa mke, si kwa watoto. Si kwa askofu.

"Hata askofu akimwuliza?"

"Hata akimwuliza."

"Na mahakama?"

"Hata mahakama. Wala hawezi kukukumbusha wewe mwenyewe ukikutana naye njiani, mpaka wewe umpe ruhusa. Likishasemwa limekwisha."

Aliligeuza hilo kichwani. Pikipiki ilipita, dereva akatupungia akidhani tumeharibikiwa.

"Na mtu huanza vipi?"

"Anza na lile kubwa. Ukianza na madogo utazunguka na kuogopa kulifikia. Sema, 'Padri, kuna jambo moja la zamani,' halafu ulitaje kwa sentensi moja. Usielezee kwa nini. Kama anataka kuelewa zaidi atakuuliza. Mengine yatafuata yenyewe."

"Sentensi moja."

"Moja inatosha. Jaribu kimya kimya hapo ulipo."

Alifumba macho, midomo yake ikacheza. Nilitazama upande mwingine. Alipofumbua, alikuwa amekunja uso.

"Mwaka wa hamsini na ngapi huu," alisema, "na mwalimu wa katekisimu analala nyumbani mwangu. Mbona hamkuniambia mapema?"

Niliwasha gari.

Ijumaa alikaa ndani ya kile chumba kidogo cha kitubio robo saa nzima, na mimi na Mama tukamngoja nje kwenye benchi. Baba alipotoka alipitiliza mpaka kwenye benchi la mbele kabisa la kanisa, akapiga magoti, goti lile lile la kuuma.

Jumamosi tulienda na pikapu ikiwa na mikanda yake miwili milangoni na tundu lake katikati ya grili. Baba aliiegesha uso ukiwa umeelekezwa ukutani. Jozi za wazee zilikuwa kumi na moja, wengine wameletwa na wajukuu, mmoja kasahau cheti na kurudishwa mbio. Padri aliwauliza maswali kwa pamoja na wao wakajibu kila mmoja kwa wakati wake, kama darasa la kwanza. Mama alisema "nakubali" kabla swali halijaisha.

Kwenye komunyo, waliofunga ndoa waliitwa kwanza. Mama alikuwa ameketi mwisho wa benchi upande wa ukuta, mahali pake pa siku zote, ambapo hamzuii mtu anayetoka kupokea. Ili apite, ilibidi sisi sote tuinuke. Tuliinuka. Aliomba radhi kwa kila mmoja, mimi pia, akisema "samahani, samahani," kama anayesumbua. Mikono aliishika sawasawa.

Walirudi pamoja wakapiga magoti. Mama alifumba macho. Baba alistahimili kidogo, halafu nikamsikia, kwa ile sauti yake anayodhani ni mnong'ono.

"Mlango wa dereva niliufunga kweli? Nenda ukaangalie, Mwalimu. Mikanda ile wanaweza kuing'oa."

Nilikuwa nainuka. Mama alinishika gauni bila kufumbua macho.

"Kaa chini," alisema. Kisha kwa Baba: "Na wewe, Jaduong', nyamaza kidogo. Nina mgeni."